Mgahawa wenye sura ya Asia Kamanyola: nini cha kuchukua, nini cha kuacha

Abiria anayeshuka Kamanyola saa saba ya mchana, akitoka Bukavu ao akipanda kutoka Uvira, hatafuti mapambo. Anatafuta kivuli, maji ya kunawa na kiti. Joto la bonde la Ruzizi anakuwa nalo mgongoni, vumbi liko kwenye viatu hadi kwenye nyusi. Akishakaa, akishapumua, ndipo macho yake yanaanza kutembea: ukuta, taa, meza, kitambaa.

Ni vizuri kuanzia hapo kwa kila mtu mwenye mpango wa kufungua mgahawa wenye sura ya Asia iliyochanganywa na mtindo wa kisasa. Wazo lenyewe si la ajabu. Kigali, Bujumbura na Goma ziko na migahawa ya Kihindi na ya Kichina, na Kamanyola ni mahali pa kupita: Kongo, Rwanda na Burundi zinakutana hapa, wafanyabiashara na madereva wa kila upande wanakula hapa. Mwenye mgahawa anayetaka kujitofautisha na jirani yake ana haki ya kuota. Swali ni pesa itaenda wapi.

Njia rahisi ni kununua. Taa nyekundu za karatasi, maua ya plastiki, karatasi ya ukutani yenye picha ya mianzi, plafo ya PVC yenye mistari ya dhahabu. Vyote vinapatikana, vinafika kwa kontena kutoka China kupitia bandari za Tanzania na Kenya. Siku ya kufungua vinang'aa. Lakini karatasi na wadudu wa bonde havipatani, plastiki ya bei ndogo inafifia kwenye jua, na PVC iliyopigiliwa chini ya manjanja yenye moto inaanza kujikunja. Mara mingi pesa iliyonunua vitu hivyo ni ya AVEC ao ya likelemba, pesa ya kurudisha. Taa inachakaa kabla deni halijaisha. Na katika dola zote zilizotoka, fundi mbao wa Kamanyola, masoni, na mama anayefuma mikeka hawakuona hata moja.

Kongo imekwisha kuona jambo hili kwa kiwango kikubwa kabisa. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitembelea Beijing, na mwaka uliofuata akarudi tena. Huko alipendezwa. Kwenye makao ya rais ya N'Sele, karibu na Kinshasa, kukajengwa pagoda ya Kichina, na kule Gbadolite, kwao, kukawa na nyumba za mtindo huo huo. Alipoanguka mwaka 1997 majumba ya Gbadolite yaliporwa, na kilichobaki kimefunikwa na majani. Lakini Wachina hao hao walijenga Palais du Peuple ya Kinshasa, iliyomalizika 1979, na Bunge linakaa humo hadi leo. Haina paa la pagoda. Ni jengo la kazi.

Hiyo haimaanishi kwamba kila chenye sura ya Asia ni cha kutupa. Kinachofaa ni kuuliza swali moja mbele ya kila kitu: huko kilikotoka, kilikuwa kinatatua shida gani? Kama shida hiyo iko Kamanyola pia, kitu hicho kinaweza kuingia. Kama kilikuwa cha kuonyesha tu, kibaki dukani.

Ukuta unaopumua

Shida ya kwanza ya Kamanyola ni joto, na India inaijua shida hiyo kuliko watu wengi. Wajenzi wa huko walikuwa na jibu wanaloliita jali: ukuta ao dirisha la jiwe lililotobolewa matundu mengi madogo yenye umbo la maua, nyota ao matawi. Jua linakatwa vipande vipande kabla ya kuingia, upepo unapita, mtu wa ndani anaona nje bila kuonekana vizuri. Moja ya jali zinazojulikana zaidi duniani iko mji wa Ahmedabad, kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed uliojengwa kunako 1573. Ni jiwe lililochongwa likawa mti wenye matawi yanayosokotana. Huyo Sidi Saiyyed alikuwa mtu wa asili ya Kiafrika, mmoja wa wale ambao Wahindi waliwaita Mahabeshi. Kwa hiyo hata kitu hiki cha Asia kabisa kina mkono wa Afrika ndani yake.

Na kwa kweli Kivu inakijua kitu kinachofanana nacho. Ni yale matofali ya simenti yenye matundu ambayo masoni wa Bukavu wanaita klostra. Yako kwenye ngazi, veranda na vyoo vya nyumba nyingi za wakati wa ukoloni. Watu wengi wanayaona ni ya kizamani, wanayaziba na kuweka vioo. Ni hasara. Kioo bila kilimatizeri, na umeme unaokatika, kinafanya chumba kuwa tanuru.

Klostra si lazima zinunuliwe. Mjenzi Laurie Baker, Muingereza aliyefanya kazi India tangu miaka ya 1940, alijulikana katika jimbo la Kerala kwa kuta za jali za matofali ya kawaida ya kuchoma. Fundi anapanga tofali, anaacha nafasi, anapanga lingine, na mstari wa juu unapishana na wa chini. Ukuta unakula matofali machache zaidi, simenti inapungua, na hakuna haja ya fremu ya dirisha. Matofali ya kuchoma yako hapa kwetu. Masoni yeyote anayejua kupiga mstari anaweza kufanya hivyo akionyeshwa mara moja.

Chukua mfano wa chumba cha metre 6 kwa 9. Ukiondoa kaunta, watu kama 30 wanakaa bila kubanana. Upande mrefu unaotazama barabara ujengwe kwa tofali za kawaida mpaka urefu wa kiuno, ili vumbi la magari lisiingie moja kwa moja kwenye sahani, kisha jali kutoka hapo hadi juu. Upande wa pili, karibu na paa, matundu mengine. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia chini. Kama matundu yako upande mmoja tu, hewa inasimama. Kabla ya kuamua, mwenye nyumba asimame kwenye kiwanja asubuhi, mchana na jioni, siku kadhaa, aone upepo unatoka wapi. Hiyo haina bei.

Halafu mbu. Bonde ni bonde, na malaria haitazami mapambo. Nyuma ya jali, kwa upande wa ndani, inafaa kuweka nyavu ya mbu kwenye fremu ya mbao inayofunguka, iweze kuoshwa. Bila kufunguka, nyavu inajaa vumbi kwa miezi michache na upepo unazimika.

Mchanganyiko ambao tayari tunauvaa

Watu wa pwani walifanya kazi hii kabla yetu. Zanzibar, kwenye Mji Mkongwe, kuna jengo linaloitwa Dispensari ya Zamani. Tajiri wa Kihindi Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, na lilimalizika 1894. Roshani zake za mbao zimechongwa nyembamba kama lesi, kwa mkono wa Gujarat, lakini zimekaa juu ya kuta nene nyeupe za pwani. Miaka ya 1990 likatengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan. Ukiliangalia kwa makini utaona siri yake: urembo mkubwa umewekwa kwenye roshani. Jengo lingechongwa kila mahali, jicho lingechoka.

Mtaa wa Hurumzi, huko huko Zanzibar, kuna hoteli yenye mgahawa juu ya paa ambapo wageni wanavua viatu na kukaa chini kwenye mazulia na mito, upepo wa bahari ukipita. Ni Uarabu, ni Uhindi, ni Uswahili, na mgeni anayelipa ni wa leo. Hakuna anayeuliza mstari wa mpaka uko wapi. Karibu zaidi na sisi, Bujumbura iko na mtaa ambao hadi leo unaitwa Quartier Asiatique, uliowekwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Duka mbele, familia nyuma, veranda juu ya kichwa cha mpita njia.

Na kuna kitenge. Mama akienda ibada ya Jumapili amevaa wax, anavaa historia ya Asia bila kujua. Namna ile ya kuchora kitambaa kwa nta kabla ya kutia rangi ni ya kisiwa cha Java, Indonesia, inaitwa batiki. Waholanzi waliotawala Java waliiga kazi hiyo kwa mashine wakitaka kuiuza huko huko. Kiwanda cha Vlisco kilianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Soko kubwa likapatikana Afrika, na wamama wa Afrika ndio walioamua ni mchoro gani unakaa na gani unakufa. Kwa hiyo mwenye mgahawa anayetafuta kitambaa cha "Asia na kisasa" kwa ajili ya mito na mapazia asihangaike kuagiza hariri ya bandia. Kitenge chenye rangi mbili, buluu na nyeupe kwa mfano, kinatosha, na fundi wa cherehani wa sokoni anakishona kwa siku moja. Rangi mbili tu. Ukichanganya vitenge sita kwenye chumba kimoja, umerudi sokoni.

Kukaa, na kunawa

Wajapani wana chumba cha kulia kinachoitwa zashiki, sakafu iliyoinuliwa kidogo yenye mikeka, meza fupi, watu wanakaa chini. Kwa vijana wanaopenda kupigwa picha inavutia. Kwa mzee mwenye magoti mabaya, ao mama mjamzito, ni adhabu. Wajapani wenyewe waliliona hilo, na migahawa mingi ya huko inachimba shimo chini ya meza fupi ili miguu ining'inie. Kamanyola inatosha kona moja ya namna hiyo: jukwaa la mbao la santimetre 40, mkeka, mito ya kitenge. Kimo cha jukwaa ni karibu sawa na cha kiti, kwa hiyo asiyeweza kukunja miguu anakaa pembeni kama kwenye benchi. Meza nyingine zote zibaki za kawaida, santimetre 75 kwenda juu, kiti 45. Na kati ya meza na meza ibaki nafasi ya karibu santimetre 90, kwa sababu anayebeba sinia ya bugali yenye moto hapiti kwa ubavu.

Lakini kama kuna kitu kimoja cha Asia ambacho Kamanyola ingekichukua hata bila kuchukua kingine, ni jiwe la maji. Kwenye nyumba za chai za Japani mgeni anakutana kwanza na beseni la jiwe bustanini. Anainama, ananawa mikono, ndipo anaingia. Huko ni heshima na ni usafi wa moyo. Hapa kwetu ni desturi pia: hakuna anayegusa bugali bila kunawa. Na bonde la Ruzizi na Uvira vinajua kipindupindu vizuri sana. Migahawa mingi inaficha ndoo yenye robine nyuma ya mlango, karibu na choo, kama kitu cha aibu. Kwa nini kisiwe ndicho kitu kizuri kuliko vyote, pale mlangoni? Fundi anachonga beseni kwenye jiwe ao anamwaga la simenti na kulisugua, mwanzi ao bomba linaleta maji kutoka tangi lenye kifuniko, chini kuna kokoto na mfereji unaopeleka maji machafu mbali. Maji yatiririke, yasisimame kwenye beseni, maana beseni lenye maji yaliyokaa ni kitanda cha mbu, na mikono ishirini ndani ya maji yale yale ni ugonjwa. Pembeni sabuni. Kimo chake kiwe cha mtu aliyesimama, na kingine kidogo chini cha watoto.

Mianzi inatoka wapi?

Hapa kuna jambo ambalo mapambo hayawezi kulifunika. Mtu akisema Asia, fundi anasikia mianzi. Na Kivu ya Kusini iko na mianzi mingi mlimani, mingine ikiwa ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1970 na UNESCO ikaiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, hasa kwa ajili ya sokwe wakubwa wa mashariki. Machipukizi ya mianzi ni chakula chao kwa msimu. Kukata humo kunakatazwa. Fungu la mianzi linalouzwa bei ndogo na mtu asiyetaka kusema limetoka wapi lina gharama ambayo mgahawa hautailipa, lakini mtu mwingine ataipa jina.

Mianzi inayopandwa, ile minene ya kijani ao ya manjano, inakua vizuri kwenye joto la chini kando ya mito. Ni ile ya kununua, kwa mwenye shamba, mbele ya watu. Na ikatwe kwa wakati wake: iliyokomaa, ya miaka mitatu kwenda juu, na kwenye kiangazi, kwa sababu wakati huo ina sukari kidogo ndani na dumuzi hawaipendi sana. Iliyokatwa changa wakati wa mvua inaanza kutoa unga baada ya muda mfupi, na unga huo unaanguka kwenye sahani ya mteja. Isimamishwe kivulini ikauke polepole. Anayepata boraksi na asidi ya boriki anailoweka humo kabla ya kuikausha. Wengine wanaipaka mafuta machafu ya gari. Inazuia wadudu, ndiyo, lakini nani atakula sambaza ndani ya harufu ya garaji?

Kuna dawa ya zamani zaidi, moshi. Japani mianzi iliyokaa miaka mingi kwenye paa juu ya jiko inageuka rangi ya kahawia inayong'aa, inauzwa bei ya juu. Wazee wa Kivu waliijua akili hiyo hiyo, ndiyo maana fito za nyumba zilizokaa juu ya moto zilidumu. Mwenye mgahawa anaweza kutundika fito zake kwenye jiko kwa miezi kadhaa kabla ya kuzitumia.

Kwa mbao kuna njia inayofanana. Wajapani wanachoma uso wa ubao mpaka uwe mweusi, wanausugua kwa brashi, wanapaka mafuta. Wanaiita yakisugi. Wadudu na maji vinapata shida kuingia, na ubao unakuwa na sura ambayo hakuna rangi ya duka inayoiga. Kwao ni mti wa sugi. Kwa miti yetu fundi ajaribu kwanza vipande vilivyobaki, aone kama vinapasuka, ndipo achome mbao za kaunta. Na achome nje.

Taa, rangi na sanamu

Kwa taa hakuna mengi. Balbu ya LED yenye mwanga wa manjano, ile iliyoandikwa 2700 ao 3000 K, inafanya chakula na uso wa mtu vionekane vizuri. Ile nyeupe ya 6500 K inafanya chumba kifanane na dispensari. Juu ya balbu, kikapo cha kufumwa kilichopinduliwa kinashinda taa yoyote ya karatasi. LED haitoi moto mwingi. Balbu za zamani zinatoa, kwa hiyo zisiingie kwenye kikapo.

Kuhusu rangi, nyekundu kwa Wachina ni bahati na sherehe, na ni rangi inayoongeza joto machoni. Mlango mmoja mwekundu unatosha, kuta zibaki za chokaa ao za udongo. Nyeupe kwa sehemu nyingi za China na India ni rangi ya msiba, jambo ambalo halimsumbui mteja wa hapa, na nyeupe inarudisha jua. Ibaki.

Sanamu ya Buddha ni jambo lingine. Kwa mamilioni ya watu ni kitu cha ibada, na kuiweka kati ya chupa za pombe ni dharau. Na kwa upande wa pili kuna wateja wa Kamanyola, watu wa kanisa, ambao wataiona mlangoni, watasema ni fetishi, watarudi kwenye gari. Mwenye mgahawa anapoteza kwa pande zote mbili. Vivyo hivyo maandishi ya Kichina yaliyonakiliwa kwenye simu: siku Mchina wa barabara ao wa bwawa atakapoingia kula, atasoma ukutani kwamba kuna punguzo la bei ya viatu.

Mwisho jiko, lile ambalo kwenye mchoro mzuri huwa halionekani. Mkeka wa mafunjo kwenye plafo unapunguza joto la manjanja na ni kazi ya mikono ya hapa, lakini unawaka haraka, na mianzi pia. Visikaribie makala. Kati ya jiko na chumba cha kulia uwe ukuta wa tofali unaofika mpaka kwenye manjanja, bila tundu juu, na jiko liwe na njia yake pana ya kutolea moshi. Moshi wa makala unaua bila harufu kali kwenye chumba kilichofungwa. Ndoo za mchanga karibu na mlango wa jiko.

Kabla ya rangi kupakwa na mito kushonwa, moto uwashwe na majirani waitwe kula bure mara mbili, saa saba ya mchana na saa moja ya jioni. Mwenye mgahawa akae kwenye kila kiti, kimoja kimoja, aone jua linampiga wapi, moshi unaelekea wapi, nani anageuka geuka kwenye jukwaa. Wakati huo tofali la jali bado linaweza kuhamishwa kwa nyundo na siku moja ya masoni.